Faharasa ya Shahidi B

Mama Kurasa alikuwa mwoga, na wala hakuona haya kusema. Aliogopa mbwa, hata waliofungwa. Aliogopa lifti, aliogopa radi, aliogopa simu inayoita alfajiri, kwa sababu kwa maoni yake hakuna mtu aliyewahi kuamshwa ili apewe habari njema. Mlango wa nyumba yake ulikuwa na makomeo na kufuli, na bado kabla ya kulala alimtuma mumewe akahakikishe. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa masihara asiye na haraka. Alikwenda hadi mlangoni, akausalimia, akarudi. "Upo," alimwambia. "Haujatoroka." Waliomcheka Mama Kurasa aliwajibu kwa methali moja tu, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Yeye alikuwa amechagua kicheko.

Sasa mtu wa namna hiyo, riziki yake ikaenda kuwekwa wapi? Kwenye mauaji. Kwenye wizi wa kutumia nguvu, sumu, utekaji nyara na maiti zilizookotwa mitaroni. Alikuwa mtengenezaji wa faharasa za vitabu vya haki jinai, vile wanavyosomea askari wapya, maofisa wa magereza na makarani wa mahakama. Faharasa ni zile kurasa za mwisho zenye maneno kwa mpangilio wa alfabeti na namba za kurasa mbele yake. Msomaji huzifungua na kuzifunga bila hata kujiuliza ni nani aliyekaa akazipanga. Wengi hudhani ni mashine. Mashine italiona neno "kisu" pale lilipoandikwa. Haitajua kwamba kurasa kumi mbele, pale mwandishi alipoandika "kitu chenye ncha kali", kisu ni kilekile. Kazi hiyo inataka mtu mwenye kumbukumbu na asiyechoka, na Mama Kurasa alikuwa na vyote viwili.

Aliianza akiwa msaidizi wa maktaba ya chuo, enzi za vikadi na maboksi ya viatu. Ujuzi ukakomaa, akaacha maktaba, akawa anafanyia kazi nyumbani, kompyuta yake juu ya meza ya kulia chakula. Kiti alikiegemeza ukutani ili mtu asije akamtokea kwa nyuma. Alisoma kila sura roho juu juu, mkono mmoja mdomoni. Akifika kwenye picha za mahali pa tukio alizifunika kwa kitambaa cha meza, akasoma maelezo yaliyobaki chini. Mumewe alimwambia mara nyingi atafute vitabu vya kilimo. Akajibu kwamba vitabu vya kilimo havina watu, na faharasa isiyo na watu inachosha kama safari ya peke yako.

Alikuwa na sheria moja, na aliishika kama wengine wanavyoshika dini. Kitu kimoja kikae mahali pamoja. Mwandishi akimwita mtu "mtuhumiwa" katika sura ya pili, "kijana yule" katika ya tano na "dereva" katika ya tisa, kazi yake ni kugundua kwamba ni mtu mmoja na kumkusanya chini ya neno moja. Wahariri walimpenda kwa hilo. Jina Mama Kurasa walimpa wao.

Kitabu kilichomletea balaa kiliandikwa na Profesa mmoja aliyekuwa amestaafu kwenye karatasi tu, maana ofisini hakutoka. Kilikuwa kitabu kinene, chapa ya tatu, kimeongezewa visa vya kweli ili wanafunzi wasisinzie. Katika sura ya nne Profesa alieleza jinsi mahakama inavyomlinda shahidi. Mwenye gereji mmoja, tajiri mwenye watu wake, alimuua karani wake aliyetaka kutoboa siri ya magari ya wizi. Kesi nzima ilisimama juu ya mtu mmoja tu, aliyeyaona mauaji. Mtu huyo alitoa ushahidi nyuma ya pazia, sauti yake ikibadilishwa kwa mtambo, na hakuitwa kwa jina bali Shahidi B. Mwenye gereji akafungwa kifungo kirefu bila kujua ni nani aliyemwona. Profesa alibadilisha majina, mwaka na mji. Alikuwa makini, tusimwonee. Ila kuna sentensi moja ilimponyoka, kwamba Shahidi B alikuwa macho saa ile kwa sababu alikuwa akimbembeleza mtoto mwenye kikohozi.

Huko mbele kabisa, katika sura ya kumi na moja, Profesa alikuwa akifundisha jambo jingine, namna ya askari kuzungumza na majirani. Akatoa mfano wa mshona nguo ambaye kibanda chake cha kushonea na kuishi kilitazamana na mlango wa nyuma wa jengo fulani. Mwanamke huyo hakutaka kusema neno, hadi askari mmoja mwerevu alipoacha maswali na kumletea mwanawe dawa ya kifua. Kesi gani, hakusema. Nani alikufa, hakusema. Msomaji wa kawaida angepita hapo kama anavyopita mbele ya duka lililofungwa.

Mama Kurasa si msomaji wa kawaida. Kikohozi kile alikiona mara moja. Akaandika kwenye orodha ya maswali yake kwa Profesa, katikati ya maswali mengine mengi: je, mshona nguo huyu ndiye Shahidi B? Profesa aliipokea orodha akiwa kikaoni, akaipitia kwa jicho moja huku la pili likimsikiliza mwenyekiti, akajibu maswali yote kwa pamoja: "Ndiyo kwa yote. Kazi nzuri." Basi Mama Kurasa akaandika "Shahidi B", akaweka namba ya ukurasa wa sura ya nne, akaweka mkato, akaweka namba ya ukurasa wa sura ya kumi na moja. Kitu kimoja, mahali pamoja. Akaendelea na "Shambulio la mwili".

Kitabu kilipotoka alikifungua kwanza ukurasa wa shukrani, na mle akajikuta. Profesa alimshukuru kwa jina lake kamili kwa "faharasa isiyo na mfano". Jambo hilo halikuwahi kumtokea. Aliusoma mstari ule kwa sauti, akamsomea mumewe, kisha akampigia simu dada yake akamsomea na yeye. Mumewe akasema sasa itabidi mlango uongezewe komeo lingine, maana mke wake ni mtu maarufu. Walicheka.

Simu iliita siku chache baadaye, mchana kweupe, akiwa anaanika nguo.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya mwanamume, tulivu, yenye adabu. "Naongea na mama aliyetengeneza faharasa ya kitabu cha haki jinai? Mapokezi pale kampuni ya vitabu wamenipa namba yako."

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mimi ni mwanafunzi, mama. Nasomea stashahada. Nimeipenda sana faharasa yako, inasaidia. Ila nimeona kosa dogo, nikasema nikujulishe."

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walisahau kusema kwamba mgema akisifiwa halafu akaambiwa tembo lake lina dosari, huwa hatari zaidi. Mama Kurasa aliacha shati likining'inia kwa kibanio kimoja. "Kosa gani?" akauliza.

"Hapa kwenye Shahidi B umeweka kurasa mbili. Wa kwanza nimemwona. Wa pili nimesoma juu mpaka chini, Shahidi B hayumo. Kuna habari za mshona nguo tu. Nikadhani labda uchapaji umekosea."

"Haujakosea," alisema Mama Kurasa, na sauti yake ilikuwa na kiburi kidogo, lazima tukiri. "Soma vizuri, mwanangu. Huyo mshona nguo ndiye Shahidi B. Angalia habari za mtoto mwenye kikohozi, zipo huku na huku. Na Profesa mwenyewe alithibitisha."

Upande wa pili zilisikika kurasa zikifunuliwa.

"Kumbe," ilisema sauti. "Basi nimeelewa. Asante sana, mama. Mungu akubariki."

Alimaliza kuanika akiimba. Mtu wa kuogopa simu kama yeye, siku hiyo ndiyo simu iliyompendeza kuliko zote.

Wiki ile akaenda kampuni ya vitabu kuchukua kazi mpya. Ofisi ya mhariri ilikuwa chumba chembamba chenye mabunda ya vitabu hadi dirishani, na mhariri mwenyewe alikuwa binti mrefu mwenye haraka, anayezungumza huku akitafuta kitu kingine. Mama Kurasa akamsimulia habari za mwanafunzi wake. Hakuacha hata kipande kimoja, si cha sifa wala cha kosa lisilokuwa kosa.

Mhariri akaacha kutafuta.

"Mwanafunzi wa wapi, mama?"

"Wa stashahada. Chuo hakukitaja."

"Mama, kitabu hakijaenda vyuoni. Vyuo vimefunga. Maboksi yao yote yako stoo, nimeyaona asubuhi hii." Akasita. "Nakala zilizotoka ni zile za gerezani tu. Profesa ana darasa la wafungwa kule, alituomba tuwatangulizie kwa sababu wao hawana likizo."

Mama Kurasa hakuelewa papo hapo. Alikuwa bado anatabasamu kidogo, tabasamu lile la mtu anayesubiri hadithi imalizike. Kisha akakaa juu ya bunda la vitabu. Mtu asiyejua ni nani aliyemwona alikuwa gerezani. Vitabu vilikuwa gerezani. Na yeye, kwa mdomo wake, mchana, akianika nguo, alikuwa amemwambia mtu asiyemjua kwamba aliyeona ni mshona nguo. Hakumtajia mtaa, lakini mwenye gereji alihitaji kuambiwa mtaa? Mlango ule wa nyuma, uliotazamana na kibanda, ulikuwa wa gereji yake.

"Twende kwa Profesa," alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Profesa aliwapokea katika ofisi yake iliyojaa vyeti. Mwanzoni akatoa mhadhara. Watafiti wana maadili, majina yalibadilishwa, mji ulibadilishwa, kamati ya chuo iliupitia mswada na kuupitisha. Mama Kurasa alimwacha aseme.

"Profesa," alisema mwishowe, "yule mwenye gereji yuko gereza lipi?"

Profesa akavua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Ni mwanafunzi wangu," alisema. "Ni mwanafunzi wangu bora. Mtu amebadilika kabisa. Insha zake mngeziona." Kisha, kwa sauti ya chini, "Yeye ndiye aliyeniomba nakala zije mapema."

Mhariri alitazama sakafu. Nje vijana wawili walipita wakicheka, na kicheko kile kilimchoma Mama Kurasa kama kimetupwa kwake.

Profesa akashika simu. Alipiga polisi, akapewa namba nyingine, akapiga hiyo. Askari aliyemletea mtoto dawa alikuwa amekwisha fariki. Aliyekalia kiti chake aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyetishwa. Profesa akasema bado. Akajibiwa kwamba basi aandike barua, na kesho wangemtuma mtu apite huko.

"Kesho," alisema Mama Kurasa.

"Ndivyo walivyosema."

"Niambie mahali alipo, Profesa."

"Siwezi. Hiyo ni siri ya utafiti."

"Siri tumeshaimwaga, mimi na wewe. Maji yakimwagika hayazoleki. Niambie tu alipo nikamwondoe kwenye tope."

Profesa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea hatari iliyoandikwa, yenye tanbihi chini yake, na sasa ilikuwa imesimama mlangoni bila tanbihi yoyote. Akautaja mtaa. Akasema mwanamke yule hakuwahi kuhama, kwa sababu kuhama kungewafanya watu waulize.

Njiani kurudi nyumbani Mama Kurasa alitazama nyuma kila hatua. Mwanamume aliyesimama kununua vocha alikuwa anamfuata. Mwenye baiskeli alikuwa anamfuata. Alibadilisha upande wa barabara mara kadhaa, hadi mwuza matunda akamwuliza kama amepoteza kitu. Alipofika akafunga makomeo yote, akakaa chini sebuleni, mgongo ukutani. Hapo ndipo akili ya uoga ilipomletea shauri. Kama mdomo wake uliweza kumtaja yule mwanamke, je, hauwezi kumfuta? Akatoa simu, akaitafuta namba ile, akapiga.

"Ndiyo, mama," ilisema sauti ileile. Ilimtambua upesi mno.

"Mwanangu, nimekupigia kukurekebisha," alisema, akijikaza kisabuni. "Nilikagua tena. Ulikuwa sahihi wewe. Ni makosa ya uchapaji. Yule mshona nguo siye Shahidi B, ni mtu mwingine kabisa, kesi nyingine. Futa ile namba ya pili."

Alisikia mtu akivuta pumzi, na nyuma yake, kwa mbali, milango ya chuma ikigongana.

"Mama," sauti ilisema kwa upole, "usijisumbue. Faharasa yako nimeikagua yote, neno kwa neno. Haina kosa hata moja."

Simu ikakatika. Mama Kurasa aliiweka sakafuni na kuisukuma mbali kwa mguu. Aliposema ukweli walikuwa wamemwamini nusu. Aliposema uongo ndipo walipouamini ukweli ule kabisa.

Mumewe alimkuta palepale. Alimsikiliza mpaka mwisho bila masihara, na hilo lilimtisha zaidi, maana katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona akikosa la kutania.

"Nitaenda mimi," alisema mumewe. "Wewe baki na mlango wako."

"Utamwambia nini? Wewe hujamfanya chochote."

"Nitamwambia mke wangu amekosea."

"Basi aone huyo mke aliyekosea." Akasimama. "Ila wakitufuata je? Kama wanasubiri tu niwaonyeshe nyumba?"

Mumewe akafikiri. Kisha akatoka nje, akapakia jokofu bovu kwenye pikapu yake, akalifunga kamba. "Fundi anapeleka jokofu," alisema. "Nani atamfuata fundi wa majokofu? Panda."

Walipita njia za kuzunguka. Mama Kurasa alikaa amejiinamia, kichwa chini ya kiwango cha dirisha, akihesabu matuta kwa mgongo. Alisali, akasahau alipofika, akaanza upya. Kila pikipiki iliyowapita ilimkata maini. Alitamani mumewe aseme kwamba haiwezekani, kwamba watu hawafi kwa sababu ya namba ya ukurasa, lakini mumewe aliendesha tu, macho kwenye kioo cha nyuma.

Mtaa ulikuwa wa kawaida kabisa, na ukawaida wenyewe ulimwongezea hofu. Kinyozi, duka la vifaa vya ujenzi, watoto na mpira. Gereji ilikuwa imegeuzwa kuwa stoo ya saruji, ila mlango wake wa nyuma wa bati ulikuwa palepale, na mbele yake, ng'ambo ya kichochoro kinachopitika kwa hatua chache, kilikuwako kibanda chenye nguo za shule zimening'inizwa mlangoni. Ndani, mwanamke wa makamo mwenye utepe wa kupimia shingoni alikuwa akishona. Msichana mrefu kuliko yeye alikaa pembeni akitia vifungo. Huyo ndiye aliyekuwa mtoto wa kikohozi.

"Karibu, dada," alisema fundi cherehani, aliyekwisha iona pikapu na kurudisha macho kwenye mshono. "Ni nguo au ni jokofu?"

Mama Kurasa alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yakamkimbia. "Funga mlango kwanza," alisema, "tafadhali."

Kitu katika sauti yake kilimfanya mwanamke yule ainue macho. Akamtuma binti akafunge. Kisha Mama Kurasa akasimulia, akisimama, akirudia, akirudi nyuma: kitabu, sura mbili, simu, simu ya pili. Hakujitetea. Alipomtaja mwenye gereji, mguu wa fundi ulitoka kwenye kanyagio la cherehani. Hakupiga kelele. Alitandaza kiganja chake juu ya kitambaa kana kwamba upepo ungekipeperusha.

"Kwa hiyo ndiyo maana," alisema.

"Ndiyo maana nini?"

"Juzi alikuja kijana. Mpole, amependeza. Akataka suti. Nikampima mabega, kifua, mikono. Tumeongea vizuri tu. Alipokuwa anatoka akaniuliza, 'Na binti, kifua kilipona?' Nikamwambia kilipona zamani. Nikadhani ni mteja wa siku nyingi, nimemsahau sura." Akajifuta midomo kwa ncha ya khanga. "Nilimpima mwenyewe kwa mikono yangu."

Mama Kurasa aliutazama mlango uliofungwa. "Atarudi lini?"

"Leo jioni. Kujaribisha."

Mumewe, aliyekuwa amesimama dirishani, alitazama jua, kisha akatoka bila neno na kuanza kufungua kamba. Walilisikia jokofu likishushwa na kuachwa ukutani ili ipatikane nafasi. Fundi cherehani akamwambia binti yake avue sare, avae viatu, achukue vyeti vya shule, vingine aache. Binti akauliza wanakwenda wapi. Mama yake akasema hajui, na akalisema hilo kwa utulivu uliomfanya binti aanze kulia kimyakimya huku akikusanya vitu.

Waliokota vilivyookoteka. Mama Kurasa alikunja vitambaa vya watu, kwa haraka hivi kwamba kila alichokikunja kilifunguka. Nje mtoto mmoja alipiga mpira, ukagonga bati la gereji, na wote watatu wakaganda pale walipo mpaka sauti ikaisha.

"Waliniapia," alisema fundi, akichomoa uzi kwenye cherehani. "Yule askari, marehemu, na hakimu. Waliniapia jina langu halitaandikwa mahali popote."

"Halikuandikwa, dada. Naapa halikuandikwa."

"Halikuandikwa. Na bado amekuja mtu kwangu akaniuliza habari za mtoto." Alisema bila ukali, kama anayejaribu kulielewa pindo lililoshonwa vibaya na mtu mwingine. "Huyo Profesa ndiye aliyekiandika kitabu. Sasa wewe ulikuwa na kazi gani humo?"

Kazi aliyoifanya nusu ya umri wake, ambayo sifa zake aliwasomea mumewe na dada yake, Mama Kurasa aliona aibu kuitaja.

"Ile sehemu ya nyuma," alisema. "Ya kutafutia."

"Kutafutia nini?"

"Chochote kilichomo. Mtu akitaka kitu asihangaike kukisoma kitabu kizima. Aangalie pale, aende moja kwa moja."

Mwanamke yule alimtazama, kwa mara ya kwanza usoni hasa, tangu paji la uso hadi kidevu, kama alivyowatazama wateja kabla ya kuwapima. Nje pikapu iliwashwa. Kichochoro kilikuwa kimeanza kuingia kivuli.

"Basi kazi yako unaiweza," alisema. Akainama, akaikamata miguu miwili ya mbele ya meza ya cherehani. "Shika upande huo, dada. Ni nzito."